Miezi ya Mwisho na Dawa za Sonona

Mjamzito wa Mlandizi anayetumia dawa za sonona hashindwi kupata washauri. "Acha hivyo vidonge, utamdhuru mtoto." Na kliniki, presha na damu hupimwa, lakini hali ya akili mara nyingi haiulizwi.

Hofu ya kumdhuru mtoto ina msingi. Mama akitumia dawa ya sonona kama fluoksetini hadi kujifungua, kichanga huweza kutetemeka, kulialia au kunyonya kwa shida, kwa kawaida siku chache, pengine wiki mbili. Presha ya mapafu kwa kichanga, tatizo zito, ni nadra: huongezeka kutoka watoto 2 hivi hadi 3 katika kila 1,000. Kinachosahaulika ni kwamba sonona isiyotibiwa nayo huambatana na kuzaa njiti, na dawa ikikatizwa ghafla ugonjwa huweza kurudi, tena mama akiwa na mtoto mchanga mikononi.

Kwa aliyewahi kuzidiwa na sonona, sioni busara ya kuacha dawa mwezi wa nane kwa maneno ya barazani. Aende kwa daktari, hata ikibidi hospitali ya Tumbi, wapange dozi pamoja, ajifungulie hospitalini, na mtoto aangaliwe siku moja au mbili kabla ya kuruhusiwa. Na mume aende naye.