Tangi la Samaki Likigeuka Kijani

(Maneno tuliyowaambia wanavikundi waliotutembelea Kawangware)

 

Mnaona matangi haya ya vioo. Humu tunafuga samaki wa mapambo pamoja na mimea ya majini, halafu tunayakodisha kwa wenye ofisi katikati ya jiji. Siku moja mwenye ofisi mmoja alituita kwa hasira. Tangi lake, ambalo sisi wenyewe tuliliweka dirishani ili lipendeze, lilikuwa kijani kama supu ya mchicha. Samaki hawaonekani! Tuliogopa kupoteza kazi, tukakimbilia dawa, tukaimwaga bila kupima. Mwani ulikufa, ndiyo, lakini kesho yake asubuhi samaki walikuwa wakielea, matumbo juu. Mwani uliokufa huoza, na kuoza huko hutumia hewa iliyomo majini. Tukalipa samaki wa watu.

Basi tangu siku hiyo tunatazama kwanza. Maana mwani si wa aina moja.

Maji yenyewe yakiwa kijani, huo ni mwani mdogo mno unaoelea. Kubadilisha maji peke yake hakuumalizi, kwani unaobaki huzaana upesi. Sisi huzima taa na kufunika tangi kwa blanketi siku tatu au nne, pampu ya hewa ikiendelea kufanya kazi, ndipo tunabadilisha maji. Mimea huvumilia giza hilo.

Ukiona vumbi la kahawia linalotoka kwa kidole, na tangi ni jipya, usihangaike. Pangusa tu, kwa kawaida huisha lenyewe baada ya wiki chache. Nyuzi ndefu kama nywele, zizungushe kwenye mswaki mkuukuu uzivute. Madoa magumu kwenye kioo, tumia wembe, pole pole.

Mbaya zaidi ni ule utando wa kijani-buluu. Unateleza, unanuka, na hubanduka kama utando wa maziwa yaliyochemka. Wataalamu wanasema huo si mwani hasa bali ni bakteria, na baadhi yake wana sumu. Uondoe kwa mpira wa maji, lakini msinyonye mpira kwa mdomo, tafadhali. Jaza mpira maji kwanza, ziba ncha kwa kidole, kisha uachilie ndani ya ndoo iliyo chini.

Sasa, unatoka wapi? Mwangaza mwingi na chakula kingi, basi. Hapa kwetu jua ni la saa 12 kila siku, na tangi linatosheka na taa ya saa 6 hadi 8. Tangi lisikae dirishani. Lisha samaki kile watakachomaliza kwa dakika mbili. Vijana wetu wana huruma sana, wanamwaga kwa konzi! Kinachobaki ni mbolea. Kila wiki tunabadilisha robo ya maji. Ya mfereji yana klorini inayodhuru samaki, kwa hivyo tunayaacha kwenye ndoo wazi siku nzima. Tena tunapanda mimea mingi ili ile chakula ambacho mwani ungekula.

Si mnalijua Bwawa la Nairobi, pale kando ya Kibera? Uchafu wa vyoo na mitaro uliingia, gugumaji likanenepa likafunika maji. Tangi ni jambo lilo hilo, ila dogo.

Mama mmoja hapa ameuliza kuhusu konokono. Ni kweli wanakula mwani, lakini msiwaokote mtoni wala kwenye madimbwi, kwani wengine hubeba kichocho. Na mimea mnayoipunguza tangini msiitupe mtoni. Ikausheni.

Yule mwenye ofisi? Tulimrudia tukamweleza kosa letu, tukahamisha tangi hadi ukuta usiopigwa na jua. Bado tunamhudumia kila Ijumaa.

Haya, njooni mshike mswaki. Lile tangi la pili lina nyuzi.