Mwenye goti aulizwe kwanza



Tangu turudi Baraka kutoka kambi ya Nyarugusu, koko wetu anatembea akishika ukuta. Munganga alitazama picha ya radio, akasema goti limelika, linaweza kubadilishwa kwa opereshoni, lakini si hapa, ni safari. Sisi wajukuu tukakimbilia mchango. Siku tatu tulihesabu franga, tukabishana nani atamsindikiza. Koko alikuwa palepale, anachambua maharagwe. Sisi ambao kazi yetu ni kuuliza watu shida zao vijijini, nyumbani hatukuuliza.

Siku ya nne tukasema: "Koko, unataka goti likusaidie nini?" Akajibu: "Nifike ku choo usiku bila kuamsha mtu."

Tukarudi kwa munganga na maswali mengine. Akatueleza: goti la bandia linapunguza maumivu sana, mara nyingi linadumu miaka 15 au zaidi, lakini kuchuchumaa kunabaki kugumu. Damu inaweza kuganda, mikrobu inaweza kuingia. Sukari na tansio vitulizwe mbele. Na mazoezi ni ya kila siku, miezi mingi.

Koko akasema: "Basi, choo kwanza." Tulimtengenezea kiti cha mbao juu ya shimo, tukamletea fimbo. Opereshoni ataamua mwenyewe kisha mavuno. Mchango wake tunauchunga.

Ndugu, mbele ya kuchanga, muulizeni mwenye goti.