Urafiki wa Shule na Kazi ya Umma: Somo Kutoka Mchezo wa Zamani wa Televisheni

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)

Ndugu Mwenyekiti, Ndugu Mkuu wa Shule, waalimu wetu, ndugu zangu wanafunzi wa zamani, na ninyi vijana mliokaa huko nyuma mkisikilizia harufu ya pilau:

Barua ya Katibu ilinitaka nizungumze kwa dakika kumi na tano juu ya jambo lenye manufaa kwa vijana na lenye kumbukumbu kwa wazee. Walionitangulia miaka iliyopita wamekwisha kuzungumza juu ya kilimo, juu ya uongozi, na juu ya bomba la bweni la pili ambalo mpaka leo linavuja. Kwa hiyo mimi nitazungumza juu ya mchezo wa televisheni. Naomba msicheke kabla sijafika mwisho.

Wenzangu tuliomaliza Kidato cha Sita mwaka 1999 wanakumbuka kwamba mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa na deki ya video, na kanda alizoletewa na ndugu yake kutoka Uingereza. Kila Jumamosi, umeme ukiwapo, tulijazana sebuleni kwake, wengine tumekaa sakafuni, tukatazama sehemu moja. Mchezo wenyewe unaitwa Tinker Tailor Soldier Spy. Ulionyeshwa kwa mara ya kwanza na BBC huko Uingereza kuanzia tarehe 10 Septemba 1979, sehemu saba, moja kila wiki. Sisi wa Bara tusingeweza kuuona wakati ule, maana televisheni yetu ilianza mwaka 1994. Na Waingereza wenyewe walikuwa na bahati yao: kituo chao cha ITV, ambacho si hii ITV yetu, kilikuwa kimefungwa kwa mgomo tangu Agosti hadi Oktoba mwaka ule, kwa hiyo wengi hawakuwa na kingine cha kutazama.

Tulikuwa tumetegemea bastola na magari ya kufukuzana. Badala yake, mwanzo kabisa tuliona chumba cha mkutano. Anaingia mtu mmoja, anakaa, anapanga karatasi zake. Anaingia wa pili. Anaingia wa tatu na kiko. Wa nne anaingia na kikombe cha chai, ameweka kisahani juu ya kikombe. Hakuna anayesema neno. Mwenzetu mmoja aliuliza kwa sauti kama deki imeharibika. Mwalimu akasema, "Watazameni wanavyoingia. Mmoja wao ni msaliti."

Hiyo ndiyo hadithi yote. Katika ofisi ya ujasusi ya Uingereza, ambayo wenyewe wanaiita Circus kwa kuwa iko pale Cambridge Circus, London, mmoja wa wakubwa anatumikia Moscow. Wao humwita mtu wa namna hiyo fuko, yaani yule mnyama anayechimba chini ya shamba: wewe unaona mihogo imesimama, kumbe mizizi imekwisha kuliwa. Mkuu wa zamani wa ofisi, anayeitwa Control tu, alikuwa na shaka hiyo. Akawapa washukiwa majina ya siri kutoka katika wimbo wa watoto wa Kiingereza wa kuhesabia: fundi wa kuziba masufuria, fundi cherehani, askari, na kadhalika. Ndipo jina la mchezo lilipotoka. Control akashindwa, akafukuzwa, akafa. Kisha akaitwa kutoka nyumbani mtu aliyefukuzwa pamoja naye, George Smiley, ili afanye uchunguzi kwa siri.

Smiley aliigizwa na Alec Guinness, ambaye vijana mnaweza kumfahamu kama yule mzee wa Star Wars. Katika mchezo huu hana upanga. Ana miwani, ambayo huifuta taratibu huku mwenzake akizungumza. Hapigi mtu, hapandishi sauti, wala hakimbii. Anakaa katika chumba cha hoteli ndogo, analetewa majalada kwa siri, anayasoma usiku kucha. Kisha anakwenda kwa watu waliosahauliwa, anawauliza swali moja, ananyamaza, anasikiliza.

Ndugu Mwenyekiti, nilipoajiriwa serikalini baada ya kumaliza Chuo Kikuu, nilimwelewa Smiley kuliko nilivyomwelewa nikiwa Kidato cha Sita. Wakati ule nilidhani kazi ya jalada ni kazi ya mtu aliyekosa kazi. Sasa najua kwamba jalada lililotunzwa vizuri ni shahidi asiyeogopa mtu. Smiley hakumtambua fuko kwa kumtazama usoni. Alilinganisha tarehe: nani alikuwa wapi usiku ule, simu ilipokelewa na nani, taarifa ilimfikia nani kabla ya mwingine. Na pale alipotafuta kumbukumbu ya zamu ya usiku mmoja muhimu, akakuta haimo. Pengo lenyewe likawa ushahidi.

Kuna mtu mwingine ninayemkumbuka sana, Connie Sachs, aliyeigizwa na Beryl Reid. Huyu ni mama wa masjala, kama tungesema sisi. Alikuwa na kumbukumbu ya kila Mrusi aliyepita London. Alipowaambia wakubwa kwamba ofisa mmoja wa ubalozi wa Kisovieti hakuwa ofisa wa kawaida, walimwambia amechoka, aende akapumzike. Akafukuzwa. Smiley anamkuta Oxford, mgonjwa, ana pombe yake na majonzi yake, lakini hajasahau kitu. Kosa lake lilikuwa kuwa sahihi mbele ya wakubwa waliozoeana.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nichague mchezo huu kwa mkutano kama huu wa leo. Fuko mwenyewe ni Bill Haydon, yule mwenye kikombe na kisahani. Nisamehewe na wale ambao hawajautazama. Umekwisha kupita miaka zaidi ya arobaini, siri hiyo imezeeka. Haydon ni mzuri wa sura, hodari wa maneno, amesoma Oxford, kila mtu anampenda. Rafiki yake mkubwa tangu chuoni ni Jim Prideaux. Control alimtuma Jim kwenda Czechoslovakia ili apate jina la msaliti. Kabla ya kuondoka, Jim alikwenda kumdokeza Bill. Alikwenda kwa sababu ya urafiki. Matokeo yake alipigwa risasi mgongoni, akakamatwa, akateswa, na watu aliokuwa akishirikiana nao huko wakaangamia. Aliporudishwa Uingereza alitupwa shamba, akafundisha katika shule ya watoto wa kiume, akiishi katika karavani. Rafiki yake pale ni mwanafunzi mmoja mpweke mwenye miwani, Bill Roach, ambaye Jim alimsifu kwa macho yake makini. Mtoto yule aliona mambo ambayo waalimu wake hawakuyaona.

Mwishoni Haydon anapokamatwa, ni Jim anayemuua kwa mikono yake mwenyewe. Siku ile sebuleni kwa mwalimu tulinyamaza wote. Tulikuwa vijana wa bweni moja, tumeapa kutotupana. Hatukupenda tulichokiona.

Haya hayakutoka hewani. Mwandishi wa kitabu cha mwaka 1974 ambacho mchezo ulitokana nacho, John le Carré, aliwahi kufundisha katika shule ya Eton, kisha akafanya kazi katika ujasusi wa Uingereza. Wakati wake palikuwa na Kim Philby, aliyesoma shule ya Westminster na Trinity College, Cambridge. Philby aliitumikia Moscow huku akipanda cheo. Wenzake wawili, Burgess na Maclean, walipotoroka mwaka 1951, shaka ilimwangukia, lakini mwaka 1955 Waziri wa Mambo ya Nje, Harold Macmillan, alilieleza Bunge kwamba hakuna sababu ya kumwona msaliti. Rafiki zake walimtetea kwa sababu walimfahamu: shule yao, klabu yao, lafudhi yao. Akatorokea Moscow kutoka Beirut mwaka 1963. Na tarehe 15 Novemba 1979, wiki tatu tu baada ya sehemu ya mwisho ya mchezo huu, Waziri Mkuu Thatcher alitangaza Bungeni kwamba Anthony Blunt, aliyekuwa mtunza picha za Malkia, naye alikuwa mmoja wao. Blunt alikwisha kukiri kwa siri mwaka 1964, jambo likafunikwa kwa miaka kumi na mitano.

Ndugu zangu, ni rahisi sisi kukaa hapa tukawacheka Waingereza na shule zao. Naomba niseme langu.

Miaka kadhaa iliyopita, katika ofisi moja ambayo sitaitaja, niliombwa nitoe maoni juu ya zabuni. Nilipofungua jalada, folio ya 14 hadi ya 17 hazikuwamo. Nilimwita karani wa masjala, mama mtu mzima aliyebakiza mwaka mmoja astaafu. Alifungua daftari lake la kuazimisha majalada akaniambia, "Mwanangu, jalada hili liliondoka Ijumaa likiwa zito. Jumatatu limerudi jepesi." Akanionyesha saini ya aliyelichukua.

Saini ile naijua. Ni ya mtu aliyelala kitanda cha juu yangu katika bweni la tatu la shule hii kwa miaka miwili. Nilipougua malaria, yeye ndiye aliyenibeba mgongoni mpaka zahanati.

Jioni ile alikuja nyumbani kwangu. Hakukana. Aliniambia tu, "Sisi ni watu wa shule moja." Nami sikuandika dokezo. Nilikaa siku kumi na tisa. Nilijiambia nachunguza, lakini nilikuwa namlinda. Katika siku hizo kumi na tisa yule mama alisimamishwa kazi, akalipwa nusu mshahara, akahojiwa kama mwizi, kwa sababu jalada lilipotea kurasa likiwa chini ya ulinzi wake. Daftari lake lilichukuliwa na hakuna aliyelisoma. Mimi nilikuwa nimelisoma.

Siku ya ishirini niliandika. Mama yule alirudishwa kazini, akalipwa haki yake, akastaafu mwaka uliofuata. Nilikwenda kumwomba radhi. Alinipa chai, akanisamehe, lakini hakuniita tena mwanangu. Mwenzetu alifukuzwa kazi. Baadhi yenu mlinipigia simu wakati ule mkaniuliza nimepata faida gani. Wengine hamjanisalimu mpaka leo. Yeye hayupo hapa, na kila mwaka nikifika nakitazama kiti kimoja kitupu, na moyo unaniuma. Sitasema kwamba hauniumi.

Lakini siwezi kujuta kwamba niliandika. Najuta kwamba nilichelewa. Jim Prideaux alikwenda kumdokeza rafiki, na waliolipa ni watu wengine ambao hawakuwahi kukaa naye darasani. Mimi nilimstahi rafiki siku kumi na tisa, akalipa mama wa watu ambaye hakusoma shule hii wala nyingine yoyote ya sekondari.

Enyi vijana, pendaneni. Chama chetu hiki ni kitu chema: kimelipia ada za watoto yatima, kimezika wenzetu, kimenunua vitabu. Mkitoka hapa mtafutane, msaidiane kupata vyumba, kazi na hata wachumba. Lakini siku mtu atakapokuambia, "Sisi ni watu wa shule moja," jiulize kwanza ni nani asiyekuwa wa shule hiyo atakayelipa gharama. Ukishamjua huyo, chukua kalamu siku hiyo hiyo.

Na kwenu wazee wenzangu: mwalimu wetu wa Kiingereza amekwisha kustaafu, na kanda zake, nasikia, zimeota ukungu. Mchezo wenyewe unapatikana kwa njia za kisasa. Nimemkabidhi Mkuu wa Shule nakala yake kwa ajili ya maktaba. Naomba uonyeshwe Jumamosi, sehemu moja kwa wiki kama zamani. Na mwanafunzi akiuliza kama mashine imeharibika, aambiwe atazame wanavyoingia.

Ndugu Mwenyekiti, dakika zangu zimekwisha, na pilau halisubiri.