Mpira wa Petroli

Sisi na jamaa yetu tunayo Kombi ya Volkswagen ya mwaka 1975, yenye vitanda, jiko dogo na paa la kuinuka. Ndiyo nyumba yetu tunapozuru makanisa ya mbali.

Injini yake iko nyuma, nayo hupozwa kwa hewa, si kwa maji. Mipira ya petroli hupita karibu na joto hilo. Ikizeeka hupasuka, petroli ikadondokea injini, na dereva haoni, kwa maana moto huanzia nyuma yake.

Mwaka jana tulipaka gari rangi, tukashona mapazia mapya. Mipira tukaiahirisha. Usiku mmoja safarini, watoto wamelala, tulinusa petroli. Tulizima injini, tukawatoa mmoja mmoja, ndipo tukatazama: mpira umepasuka, petroli inadondoka. Bei yake haikufika hata ya pazia moja.

Ndugu, tulitengeneza palipoonekana na watu, tukaacha palipobeba uhai wa watoto wetu. Nawe, umeahirisha nini nyumbani mwako, mahali usipotazama? Ukinusa leo, simama leo. Bwana atusaidie. Amina.