Kiyoyozi cha Gari Hakili Gesi

Mazungumzo yaliyotolewa katika mkutano wa kata kwa madereva, wajumbe wa kamati ya kituo cha afya na wakazi



Katika kipindi cha jua kali kilichopita, gari la wagonjwa la kituo cha afya lilijazwa gesi ya kiyoyozi mara tatu. Kila mara ubaridi ulirudi kwa majuma machache, kisha ukatoweka. Mara ya tatu ulitoweka njiani, saa nane mchana, gari likiwa limembeba mama aliyepewa rufaa baada ya kujifungua kwa shida. Muuguzi alifungua madirisha, vumbi la barabara likatua juu ya shuka na usoni pa mgonjwa. Alipoyafunga, joto halikuvumilika. Mama alifika hospitali salama. Hata hivyo, kamati ilipokaa kupitia matumizi, mjumbe mmoja aliuliza swali ambalo wenye magari wengi hawaliulizi: gesi iliyolipiwa mara tatu ilikwenda wapi?

Petroli huungua ikaisha. Gesi ya kiyoyozi haiungui wala hailiwi. Ni ileile inayozunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa. Ni kweli kwamba kwa miaka mingi kiasi kidogo hupenya kwenye mipira na oringi, kwa hiyo gari la umri wa miaka kumi kupungukiwa kidogo si ajabu. Gari linaloishiwa kila baada ya majuma sita lina tundu, na kulijaza bila kulitafuta tundu hilo ni kutia maji kwenye ndoo iliyotoboka.

Utendaji wa chombo chenyewe si fumbo. Spiriti inayopakwa mkononi kabla ya sindano huacha ubaridi kwa sababu inapokauka huondoka na joto la ngozi. Kiyoyozi hufanya hivyo hivyo bila kukoma. Kompresa, inayozungushwa na mkanda wa injini, huikandamiza gesi mpaka iwe ya moto. Kondensa iliyo mbele ya rejeta huitoa joto hilo nje, na gesi ikawa kimiminika. Kimiminika hupenyezwa kwenye vali nyembamba na kuchemka ndani ya evaporeta iliyo nyuma ya dashibodi, kikiyachukua majoto ya chumba cha gari. Pamoja na gesi husafiri mafuta yanayoilainisha kompresa. Jambo hili la mafuta likumbukwe, maana ndilo lililofichua ugonjwa wa gari la kituo.

Fundi aliyekabidhiwa kazi safari ya nne hakuanza na mtungi. Alianza na masikio. Aliwasha injini, akabonyeza kitufe, akasikiliza kama klachi ya kompresa inashika. Haikushika. Fyuzi na rilei zilikuwa nzima, mkanda ulikuwa imara, feni ya ndani ilipuliza kwa nguvu. Ilibaki swichi ya mgandamizo, ambayo kazi yake ni kuizuia kompresa isizunguke gesi inapokuwa pungufu, kwa kuwa gesi ikipungua na mafuta hayarudi. Wapo wanaoiruka swichi hii kwa kipande cha waya ili kompresa izunguke kwa lazima. Hakuna njia fupi iliyo ghali kuliko hiyo: kompresa ikijisaga, vumbi la chuma husambaa katika mfumo mzima, na kazi ya oringi moja hugeuka kuwa ununuzi wa karibu kila kitu.

Ndipo geji zikafungwa. Gari likiwa limezimwa na kupoa kivulini, gesi aina ya R134a katika nyuzi 30 za Selsiasi husoma karibu psi 95 pande zote mbili. Gari la kituo lilisoma 40. Maana yake ni kwamba ndani hakukubaki kimiminika hata tone. Kama mgandamizo ungekuwa wa kawaida, fundi angepima tena kompresa ikizunguka. Pande mbili zikikaribiana wakati huo, kompresa imechoka. Upande wa juu ukipanda kupita kiasi, kondensa imezibwa na tope, feni yake imekufa, au gesi imejazwa kupita kipimo. Ndiyo, gesi ikizidi pia huharibu ubaridi.

Kutafuta tundu kulichukua muda mrefu kuliko matengenezo. Gesi inapotoroka hutoka na mafuta, na vumbi hunata palepale, kwa hiyo doa jeusi lenye unyevu ndilo huonyesha mahali. Bahati mbaya dereva, kwa heshima yake kwa gereji, alikuwa ameliosha gari mpaka likang'aa, na doa likaondoka na maji. Ikabidi mfumo ujazwe naitrojeni na kila kiungo kipakwe povu la sabuni. Mapovu yalichomoza kwenye kona ya chini ya kondensa, mahali panapopigwa na kokoto za barabara. Tundu lilikuwa dogo kuliko ncha ya sindano.

Kondensa ilibadilishwa, na draya inayonyonya unyevu ikabadilishwa pia, kwa kuwa mfumo ulikuwa umefunguliwa. Kisha pampu ilinyonya hewa kwa dakika 45, ikazimwa, na geji ikaangaliwa kwa nusu saa kama itasogea. Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi wakati kazi ni ya haraka, ilhali unyevu ukibaki huganda kwenye vali na kuzaa asidi inayokula chuma. Mwishowe gesi ilipimwa kwa mizani, gramu 700, kama kibandiko kilicho chini ya boneti kinavyoagiza.

Anayeshawishiwa kujaziwa gesi ya kupikia kwa kuwa ni ya bei nafuu akatae papo hapo. Evaporeta iko hatua moja kutoka magotini pa abiria, na katika gari la wagonjwa upo pia mtungi wa oksijeni. R134a nayo isiachiliwe hewani: haidhuru tabaka la ozoni kama R12 iliyopigwa marufuku kupitia Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987, lakini kilo moja yake hupasha dunia joto zaidi ya mara 1,000 ya kilo moja ya hewa ukaa. Ndiyo sababu Marekebisho ya Kigali ya mwaka 2016 yanataka matumizi ya gesi za jamii hiyo yapunguzwe.

Mwenye gari ana haki ya kuonyeshwa tundu kabla ya kulipa, kuona geji ikitulia baada ya pampu kuzimwa, na kuandikiwa gramu kwenye risiti. Fundi mwenye mizani hatachukizwa.

Karatasi ya kazi ya gari la wagonjwa sasa inaeleza palipovuja, vipuri vilivyobadilishwa, gramu zilizojazwa na joto la hewa lililopimwa kwenye tundu la dashibodi siku lilipotoka gereji: nyuzi 8. Dereva hulipima tena kila mwisho wa mwezi, kabla ya kuliosha gari, na daftari liko kwa Mganga Mfawidhi kwa mkazi yeyote anayetaka kulisoma.