Kabla ya Kulipa Salio la Fundi: Seva, Kanzidata na Wajibu wa Mwenye Tovuti

Mada iliyotolewa kwa viongozi wa vyama vya ushirika na wamiliki wa biashara ndogo



Nimepewa jukumu la kuzungumzia usimikaji wa seva ya tovuti yenye kanzidata. Wengi wenu hamtaisimika kwa mikono yenu, mtamlipa fundi. Kwa sababu hiyo sitawafundisha amri za kuandika kwenye kompyuta. Nitaeleza jinsi kazi yenyewe inavyofanyika, ili siku fundi atakapokuja kudai salio lake mjue mnakagua nini.

Tovuti inayoonyesha picha za duka na namba ya simu tu haihitaji kanzidata, na asiwepo wa kuwauzia. Mambo hubadilika pale mteja anapojiandikisha, au mwanachama wa SACCOS anapotaka kuona akiba yake akiwa nyumbani. Hapo vinahitajika vitu vinne. Wa kwanza ni mfumo endeshi, mara nyingi Linux, ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991. Juu yake huwekwa programu ya seva, kwa mfano Apache, ambayo hupokea maombi ya wageni na kuwapa kurasa. Kisha huja lugha ya PHP, inayoutengeneza ukurasa upya kila unapoombwa, na kanzidata ya MySQL au MariaDB, inayotunza kumbukumbu katika majedwali. Apache, PHP na MySQL zote zina chimbuko la mwaka 1995, na matoleo yake huria hupatikana bila malipo. Ukiona kwenye ankara “ada ya leseni ya PHP”, unatozwa kwa kitu kisichokuwapo. Gharama halali ni kukodi seva, jina la kikoa, na jasho la fundi.

Kuviweka vitu hivyo kimoja kimoja si kazi kubwa. Kwa fundi mzoefu ni suala la dakika chache. Madhara makubwa hutokea kwenye viungo, yaani pale kitu kimoja kinapokabidhi kazi kwa kingine.

Kiungo cha kwanza ni kati ya Apache na PHP. Faili la PHP ni maelekezo, nalo halikukusudiwa kusomwa na mgeni. Apache inapaswa kulipeleka kwa mkalimani wa PHP, kisha kumpa mgeni matokeo peke yake. Mpangilio ukikosewa, mgeni hupewa maelekezo yenyewe kama yalivyoandikwa. Jambo hili liliifika hata Facebook: mwezi Agosti 2007, seva iliyopangwa vibaya iliwaonyesha baadhi ya wageni msimbo wa ukurasa wake wa mwanzo. Katika tovuti ndogo, maelekezo hayo mara nyingi hubeba jina na neno la siri la kanzidata. Kwa hiyo faili lenye siri hiyo liwekwe nje ya folda inayoonekana na umma, ambayo katika Ubuntu kwa kawaida ni /var/www/html. Vilevile fundi asiache nakala za zamani za faili hilo zenye majina yanayoishia na .bak au .old, kwa kuwa Apache haizitambui kuwa ni za PHP na humpa yeyote anayeziomba. Mwombe akuonyeshe faili hilo lilipo.

Kiungo cha pili ni kati ya PHP na kanzidata, na hapa naomba tukae kidogo. Mwanachama anapoandika jina lake kwenye fomu, jina hilo hupelekwa kwenye kanzidata ndani ya amri. Iwapo mwandishi wa programu ameunganisha tu maneno ya mgeni na maneno ya amri, mtu mwenye nia mbaya anaweza kuandika kipande cha amri mahali pa jina, na kanzidata ikamtii. Ataorodheshewa wanachama wote na salio zao bila kuvunja mlango wowote. Kinga yake inajulikana miaka mingi: amri huandaliwa na kutumwa kwanza, kisha maneno ya mgeni hufuata peke yake, yakichukuliwa kuwa data tu. PHP ina njia ya kufanya hivyo, na fundi asiyeitumia hana udhuru. Zaidi ya hayo, tovuti isiingie kwenye kanzidata kwa akaunti kuu ya msimamizi. Ipewe akaunti yake, yenye uwezo inaouhitaji tu.

Maneno ya siri ya wanachama nayo yasihifadhiwe kama yalivyo. Kipimo chake mnaweza kukifanya wenyewe: bonyezeni palipoandikwa “nimesahau neno la siri”. Mkitumiwa lile lile la zamani, basi linahifadhiwa kwa namna inayosomeka, na siku kanzidata itakapoibwa, mwizi atalisoma pia.

Kiungo cha tatu ni kati ya kanzidata na ulimwengu. MySQL husikiliza kupitia mlango wa namba 3306. Ikiwa PHP na kanzidata zimo katika mashine moja, hakuna sababu ya mlango huo kufunguliwa kwa mtandao mzima. Fundi aiamuru kanzidata isikilize anwani ya ndani tu, yaani 127.0.0.1, na ukuta wa kinga uwaachie wageni milango ya 80 na 443 peke yake. Cheti cha usalama kinachohitajika kwenye 443 hutolewa bure na Let's Encrypt. Kwa kuwa kimekuwa kikidumu siku 90 tu, uhuishaji wake uachwe ujiendeshe wenyewe.

Sasa kuhusu wajibu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika hapa Tanzania tarehe 1 Mei 2023. Kwa lugha ya sheria hiyo, mkusanyaji wa taarifa za wanachama ni chama chenyewe, nacho hutakiwa kujisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na kuzilinda taarifa hizo. Nimewahi kusikia kiongozi akisema, “Hayo ni ya fundi.” Si ya fundi. Kumlipa mtu kazi hakumhamishii wajibu wenu kwa wanachama.

Toleo la PHP nalo liulizwe. Kila toleo huhudumiwa kwa muda, kisha huachwa, 7.4, kwa mfano, liliacha kupokea marekebisho ya usalama Novemba 2022, lakini bado yupo fundi anayelisimika kwa mazoea.

Siku ya makabidhiano, hakikisheni kikoa kimesajiliwa kwa jina la chama, na maneno ya siri ya msimamizi yamo mikononi mwa viongozi wasiopungua wawili. Kisha mwombeni fundi achukue nakala rudufu ya kanzidata, iliyohifadhiwa kwenye mashine nyingine, aifungue mbele yenu kwenye seva ya majaribio, na amtafute humo mwanachama mmoja mtakayemtaja ninyi. Asipompata, salio lisubiri.