MANENO KWA WATUMISHI WANAOHAMIA KASULU NA KIBONDO



Nchi mliyopangiwa kazi ni Buha. Kabla ya uchifu kufutwa mwaka 1963, Heru, upande wa Kasulu, na Muhambwe, upande wa Kibondo, kila moja ilikuwa na Mwami wake. Heru iliwahi kutawaliwa na mwanamke, Mwami Theresa Ntare. Wakati wa ukoloni vijana wengi walikwenda Tanga kukata mkonge wakiwa manamba, jembe likabaki kwa akina mama.

Kiha na Kirundi husikilizana. Wakimbizi wa 1972 na 1993 walipovuka mpaka hawakuhitaji mkalimani. Basi anayeandikisha watu asimhesabu mwananchi kuwa mkimbizi kwa lafudhi tu. Amsalimu kwanza, na salamu za huku hazina haraka, kisha amwulize kijiji chake.